Mlango wa Jikoni kwa Mwakatobe

Siku hizo picha yoyote iliyochorwa kwa mkono ilikuwa mali ya makumbusho ya sanaa, na kuificha ni kifungo. Ndiyo maana mlango wa jikoni kwa Mwakatobe uling'olewa ukapelekwa huko, kwa sababu mkewe alikuwa amemchora juu yake, kwa mkaa, marehemu binti yao Tumpe akicheka.

Tangu hapo mashine ya kusaga ya Mwakatobe ikawa mfadhili wa makumbusho. Wateja wakamtania, "Wewe na sanaa wapi na wapi?" Akacheka tu. Ni familia za wafadhili peke yake zilizoruhusiwa kugusa picha, basi kila Jumapili alimpeleka mkewe.

Jumapili moja, kiganja kikiwa shavuni pa Tumpe, mkewe akasema bila kugeuka, "Baba Tumpe, wageni wetu huishia sebuleni."

"Ndiyo."

"Sasa hawa wa makumbusho walijuaje?"

Mwakatobe mwenyewe ndiye aliyekuwa amekwenda kuuripoti mlango ule, kabla hajaulizwa na mtu.

"Niliogopa watatufunga, Mama Tumpe."

"Najua. Hebu sogea kule. Unamzibia mtoto mwanga."