Fungu la Nne

Kujumlisha kulikubali, kutoa kukakubali, na kuzidisha pia. Kilichomshinda Bi Mwanamkuu asubuhi ile ni kugawanya, na asipokuweza hapandi darasa la pili la kompyuta.

Alikuwa ameandika programu ya kugawa mikate mezani. Kompyuta ikamjaribu kwa mikate kumi na miwili, watu watatu. Programu yake ikajibu tatu, na kioo kikawaka rangi nyekundu.

Mwalimu Salha, aliyelingana na binti zake kwa umri, akainama kusoma.

"Mama, umeongeza mtu mmoja kabla ya kugawa. Hapo umeteleza."

"Sikuteleza, mwanangu. Chakula cha nyumba hakigawiwi chote kikaisha. Fungu la aliye safarini huwekwa kando, likafunikwa kawa."

"Nani kasafiri?"

"Kitinda mimba wangu. Huu mwaka wa sita."

Salha akaigusa ile moja kwenye kioo. "Kompyuta haimjui, mama. Mfute huyo mmoja, utafaulu."

Bi Mwanamkuu akafuta. Alipobonyeza, jibu likatoka nne, kwa rangi ya kijani. Wenzake wakampigia makofi, na Salha akaenda kuliandika jina lake kwenye orodha ya waliofaulu.

Yeye alibaki akiitazama ile nne. Kisha akarudi pale alipofuta, akaongeza nafasi tupu, ya kutosha tarakimu moja tu, akabonyeza tena. Jibu lilikuwa lile lile. Akaihifadhi programu hivyo, na nafasi yake.