Sauti ya Upande wa Wanawake

Wimbo mmoja tu ndio uliopigwa marufuku nyumbani kwa Velayudam, nao ndio huo mji mzima wa Tirumangalam ulikuwa ukiuimba.

Marufuku hiyo ilikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili. Wiki ya kwanza ya ndoa, mkewe Valliammai aliuanza chini chini akiwa jikoni anasaga mchele. Velayudam hakumwacha afike hata mstari wa pili. Alimwambia wimbo ule una nuksi, aimbe mwingine wowote. Bibi harusi wa siku tano akaendelea kusaga. Hakuimba ule, wala mwingine.

Nuksi haikuwapo. Aliyekuwapo ni msichana.

Mwaka mmoja kabla hajaoa, filamu ya mapenzi yenye wimbo huo ilikuja kwenye hema la sinema la kijiji cha Kallupatti. Watu walikaa mchangani, wanaume kulia, wanawake kushoto, katikati pazia la gunia. Ndani ya wimbo kulikuwa na mahali ambapo ala zote zinanyamaza, na binti wa kwenye filamu anamtazama tu mpenzi wake. Hapo hapo, kila jioni, ng'ambo ya pazia sauti nyembamba, tamu ajabu, iliujaza ukimya ule kwa kitu chake yenyewe, kisichokuwamo kwenye filamu. Ilipanda, ikatetemeka, ikashuka taratibu. Hema zima lilipiga miluzi.

Velayudam, wakati huo karani kijana wa posta, alizama mzima mzima. Alikwenda jioni kumi na tisa. Kuanzia ya nne alikuwa akipenyeza kifurushi cha kashata za karanga chini ya pazia. Kashata hazikurudi hata mara moja, naye akahesabu kwamba amekubaliwa.

Kisha filamu ikaondoka, baba akamtafutia mchumba wa kijiji cha mbali, nyota zao zikapatana, akainamisha kichwa. Mke alikuwa mwema. Alimzalia mabinti wawili, akamuuguza homa ya matumbo hadi akapona. Lakini moyoni Velayudam alijiona mjane wa mwanamke asiyemjua sura, na kusema kweli majonzi hayo aliyafurahia. Yalimfanya ajihisi bora kuliko wanaume wengine wa mtaani.

Kilichomkera ni mdogo wake mkewe, Chokkalingam, dalali wa ng'ombe mwenye kitambi na sauti ya nyati aliyeshikwa na mafua. Kila Jumapili alikuja kula, na kila Jumapili Velayudam alimtazama akijaziwa wali mara ya tatu, akawaza jinsi ambavyo maisha yangekuwa mengine kama angemwoa yule msichana wa hemani.

Sasa filamu ilikuwa imerudi mjini kwa wiki moja, imesafishwa picha na sauti. Velayudam alipiga hesabu zake. Kama yule mwanamke yu hai, atakuja. Na akija, ukimya ule hatauvumilia. Akimpata atafanya nini, hakujua. Alijua tu kwamba akifa bila kumwona atakuwa ameishi nusu.

Jumapili akavaa shati na shuka lake jeupe la kuendea harusi za watu, akajipaka marashi, akanyatia mlango.

"Unakwenda wapi unanukia hivyo, Baba Selvi?" mkewe akauliza.

"Posta. Mambo ya pensheni."

"Posta Jumapili?"

"Dada, usidanganywe!" Chokkalingam akanguruma kutoka mkekani. "Tiketi ya sinema hiyo inachungulia mfukoni. Shemeji, unatutoroka? Ngoja ninawe mikono."

Wakaenda wote watatu. Velayudam akakaa katikati amenuna, mkewe kushoto, shemeji kulia.

"Mara ya mwisho niliiona hemani," Valliammai alisema taa zilipozimwa.

"Hema gani?"

"La Kallupatti. Tulikwenda kwa mjomba msimu ule, tukanogewa na filamu. Kila jioni tupo, mbele kabisa, tumeegemea pazia."

Velayudam alihisi kiti kinamtoka chini. Kila jioni. Mbele kabisa. Akamwona tena bibi harusi wa siku tano, anasaga mchele na kufungua kinywa, na yeye mwenyewe, mpumbavu, akamfunga kinywa hicho kwa miaka arobaini na miwili. Alikuwa akimlilia mwanamke aliyekuwa akimpakulia chakula kila siku. Machozi yakamtoka, asiyafute. Akamshika mkewe mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu kuzaliwa.

"Valli," akanong'ona. "Nilikukosea. Wimbo ukifika pale kwenye ukimya, imba. Nakuomba."

Valliammai akamgusa paji la uso, kuona kama ana homa.

"Mimi? Niimbe kwa sauti gani? Mama alikuwa akinifinya ninyamaze, nisiwaharibie watu filamu."

Kabla hajamjibu, wimbo ukaanza, na ukumbi mzima ukaimba nao. Velayudam akatega masikio yote mawili. Ala zikanyamaza. Binti akainua macho.

Upande wa kulia wa Velayudam, kutoka kinywa kilichojaa bisi, sauti nene yenye kukwaruza ikapanda, ikatetemeka, ikashuka taratibu, kila kona mahali pake.

Watu wakapiga miluzi. Valliammai akainama kumnong'oneza mumewe.

"Usimkasirikie, Baba Selvi. Alikuwa na miaka minane, bado anakaa na sisi upande wa wanawake, na hema zima lilikuwa likimngoja yeye."