Maana ya Tisini na Moja

"Umeitoa kwa ruhusa ya nani?" Garth Hollister aliipiga meza kwa kiganja. "Miaka thelathini unakula mshahara wa kamusi hii, na bado unafanya kazi kama mtu anayepanga soksi kabatini!"

Lorraine Pelkey aliweka kalamu chini. Waandishi wa kamusi si watu wa kupayuka. Katika jengo lile la Massachusetts hata kikohozi kiliombewa radhi. Alitazama tu rundo la karatasi mbele yake: neno *run*, kazi yake ya miezi kumi na moja. Mtu hukimbia, pua huchuruzika, injini hunguruma, biashara huendeshwa, mwanasiasa hugombea, na kwa yote hayo Kiingereza kinatumia neno hilo hilo moja. Alikuwa amefikisha maana mia tatu na sita.

"Maana ya tisini na moja!" Garth alimgeukia Bi. Tuttle, mwenye kampuni, aliyeketi na barua ya kumfukuza Lorraine, ikingoja sahihi tu. "Kimya cha nyuki mzingani kabla ya mvua. Wafuga nyuki wa Vermont wanakiita hivyo. Ilikuwemo kwenye toleo lenu la zamani. Mama huyu ameifuta!"

"Haina kadi," Lorraine alisema. Kwao, maana isiyo na kadi yenye sentensi iliyonukuliwa kwa msemaji halisi haikubaliki.

"Haina kwa sababu hubanduki kwenye kiti! Mimi nilipoandika kamusi yangu kule New York, nilikwenda Vermont mwenyewe. Nikakaa na wale wazee, nikaumwa na nyuki mara nne, ndipo nikaitia maana hiyo kwenye kamusi yangu. Ndiyo maana nimeletwa hapa kuwa mkuu wako."

"Uliwasikia wakisema hivyo?"

"Kwa masikio yangu haya mawili."

"Basi liandike hilo, bosi. Kesho usije ukaniruka."

"Lete kalamu, mama!" Garth aliandika pale pale, akatia sahihi na tarehe, akamsukumia karatasi. "Haya. Utaisoma vizuri ukiwa kwenye foleni ya wasio na kazi."

Lorraine hakuisoma. Aliipitisha mezani hadi kwa Bi. Tuttle.

"Hakuna mfuga nyuki aliyewahi kusema hivyo," alisema. "Maana hiyo niliitunga mimi, mwaka tisini na sita. Marehemu baba yako aliniagiza nipenyeze uongo mmoja kwenye kamusi, ili siku moja tumjue anayetuibia."

Bi. Tuttle alilikata jina la Lorraine kwenye barua, akaandika la Garth juu yake, akatia sahihi, akamkabidhi.