Kijiprogramu cha Salamu

Ni kweli, yeye ndiye aliyempongeza shangazi kwa kufiwa na mume. Alikiri mwenyewe, simu sikioni na macho kwenye kompyuta, huku dada yake akifoka upande wa pili.

"'Hongera sana shangazi, Mungu akuzidishie,'" dada alimsomea. "Akuzidishie nini, Fundi? Misiba?"

"Sikuandika mimi."

"Kwa hiyo simu yako imeandika yenyewe?"

Na kweli ndivyo ilivyokuwa.

Kazi yake ilikuwa kuandika programu, lakini kwao kompyuta na pasi ni ukoo mmoja, kwa hiyo walimwita Fundi na kumletea pasi. Ofisini alikuwa anatengeneza mfumo wa kupanga foleni za wagonjwa hospitalini, na bosi alishaapa: usipokuwa tayari Ijumaa ya wiki ijayo, Jumatatu yake asimwone pale mlangoni.

Na huku kundi la familia kwenye simu lilikuwa halipumui. Mama alilianzisha baada ya baba kufariki, ili awasikie wanawe kila siku, maana alibaki peke yake na nyumba. Asiyejibu salamu alipigiwa simu. "Wewe," mama alikuwa akiuliza kwa upole wa kutisha, "nilikuzaa mimi au nilikuokota?"

Basi Fundi akaandika kijiprogramu cha kumjibia. Kitu cha kuchezea tu, alijiambia, hata chai haitapoa. Chai ikapoa, ikaota utando, ikamwagwa. Kumbe kumjibu mama ni kazi kuliko foleni ya hospitali nzima. Kuna dua za kuitikia, picha za maua za kusifia, watu usiowajua wa kupewa pole. Na ili kisishtukiwe kuwa ni mashine, alikifundisha kulalamika kidogo: kikiulizwa hali, kijibu, "Mzima, mgongo tu unanisumbua." Hapo alijipongeza kweli. Mashine gani ina mgongo?

Kilichomponza ni shangazi kuandika habari za mume. Kijiprogramu kilipoona mume, kikadhani harusi.

"Nisamehe, dada. Nitakirekebisha leo, na shangazi nitampigia mwenyewe. Ila mama asijue. Akisikia nimemwekea mashine ya kumsalimia, mimi sina mama tena."

Dada akavuta pumzi. Alikuwa mwalimu, mwenye darasa lisilonyamaza na mume asiyejua soksi zake zinakaa wapi.

"Hicho kidude," akasema, sauti imeshuka ghafla, "kinakaa hata kwenye simu ya mtu mwingine?"

"Kinakaa. Kwani?"

"Nauliza tu. Nitumie nikione. Mdomo wangu unaujua, usipopewa kitu cha kutafuna huwa unasema."

Akamtumia.

Kukifundisha kijiprogramu tofauti ya harusi na msiba kulimla Fundi siku nzima, na kesho yake. Bosi akipita na kikombe chake, anauliza, "Mfumo unaendaje?" Fundi anajibu, "Unakwenda, mkuu." Hakusema upi.

Kundi likachangamka. Dada alianza kuitikia dua kabla dua haijakaa vizuri. Kaka mkubwa, dereva wa lori, ambaye tangu kundi lianze hajawahi kutuma kitu zaidi ya dole gumba, sasa akawa anasifia maua. Mama akaandika, "Siku hizi najiona nina watoto." Kisha kaka akaulizwa hali, akajibu kuwa ni mzima, mgongo tu unamsumbua.

Fundi akampigia dada papo hapo.

"Umempa kaka?"

"Aliniuliza adabu hii nimeitoa wapi. Ningemnyima?"

"Dada, mama anaongea na mashine tatu."

"Na ana furaha kuliko alipokuwa anaongea na nyie. Tulia. Jumapili nilikuwa kwake, nikamwekea simu yake sawa, maana alikuwa analalamika inamlilia mkononi kutwa. Sasa hivi hata haimsumbui. Nimemwacha bustanini anaimba."

"Anaimba?"

"Kabisa. Fanya kazi yako."

Akaifanya, lakini moyo ulikuwa umeingia mchanga. Kila akisahihisha mstari alimwona mama sebuleni, miwani puani, anawasomea majirani maneno matamu ya wanawe, na hakuna hata mmoja aliyeyasema. Mama aliyewahi kukesha akimpepea kwa kanga alipougua, leo analipwa kwa kitu kilichoandikwa chai ikipoa.

Ijumaa mfumo ukakabidhiwa. Bosi akabonyeza vitufe viwili vitatu, akapiga mwayo, akasema, "Sawa. Tutauangalia mwezi ujao."

Fundi hata hakukasirika. Alikaa kwenye ngazi za ofisi, akakifuta kijiprogramu kwenye simu yake, akafungua kundi na kuandika kwa kidole chake mwenyewe, polepole, kama mtu anayejifunza.

"Mama, ni mimi, mwanao. Safari hii ni mimi kweli. Kazi imekwisha. Jumapili nakuja, tukae wawili tu, uniambie yote ambayo sikuyasikia. Naomba unijibu mwenyewe, mama: hali yako ikoje?"

Simu ikatetemeka hapo hapo.

"Amina," aliandika dada.

"Amina," aliandika kaka. "Maua mazuri sana."

Halafu jina la mama likatokea, na Fundi akainuka kwenye ngazi bila kujua, kama mtu anavyoinuka mkubwa wake anapoingia chumbani.

"Mzima, mgongo tu unanisumbua."