Maji ya Kusafisha Kinywa

Placide alifika hekaluni akiwa na suti aliyofungia ndoa. Lilikuwa hekalu dogo la Shinto, nyuma ya nyumba moja huko Randburg, la miungu ya miti, mawe na maji. Mwenye nyumba, mama wa Kijapani ambaye Placide humshonea nguo, alimweleza kwamba pale mtu hunawa mikono na kusukutua kinywa kabla ya kusali, na uchafu wa moyoni humtoka.

Kinywa ndicho kilichomponza. Wiki mbili nyuma, mbele ya kanisa zima, alisema sombe, yaani kisamvu, anayopika mkewe Sagesse ingefaa kulisha mbuzi. Watu walicheka. Sagesse akahamia kwa dada yake mtaa wa Mayfair, na tangu hapo Placide alijipikia mwenyewe. Chakula chake mbuzi asingekigusa.

Siku hiyo mwenye nyumba alikuwa safarini. Mlinzi wa getini alimwambia aingie tu, mzee yuko ndani. Kweli, penye birika la mawe alisimama mzee mwembamba, amevaa nyeupe kuanzia shingoni hadi miguuni. Placide, kwa kuwa hakujua taratibu, aliamua kumfuatisha.

Mzee aliteka maji kwa kiganja, akafumba macho, akayanusa. Placide naye akanusa. Yalinuka kidogo, naye akaona aibu kwa wingi wa dhambi zake. Akasukutua mara tatu. Mzee aligonga jiwe, akatega sikio. Placide akagonga, akatega. Mzee akalala kifudifudi, akapenyeza mkono chini ya birika. Placide aliitazama suti yake, kisha akalala.

Hapo chini machozi yakamtoka.

"Bibi yangu anapika muzuri," akanong'ona. "Mujinga ni mimi."

Hakujali kama mzee anamwelewa. Alitoa simu, akamrekodia Sagesse maneno yale yale. Jibu lilikuja palepale: amemsamehe, anarudi leo jioni.

Placide aliinuka akijisikia mwepesi, akaenda kusukutua mara ya mwisho, kwa shukrani.

Mzee akamshika mkono. "Msamaha umeuomba vizuri, mwanangu," alisema kwa Kiswahili cha Tanga, huku akifuta tope kwenye ovaroli yake. "Lakini maji hayo usiyatie tena kinywani. Bomba la choo limepasukia humo."