Mawe ya Fisi

Fisi wa ng'ambo walipoanza kupanga mawe mtoni, wanyama wa upande huu waliwaita wataalamu watatu wawaeleze kulikoni.

"Wanaitaka ardhi yetu," alisema Nungunungu, asiyemwamini mtu. "Mwenye nguvu hajengi daraja ili aje kukusalimia."

"Acha hizo!" alisema Mchwa, mpenda ushirika. "Wanataka biashara. Tuwaandikie mkataba."

Kinyonga alizungusha macho. "Inategemea wao wenyewe wanajionaje."

Walibishana wiki nzima pale ukingoni, kwa sauti za juu.

"Samahani, wakubwa," alisema Kwale. "Kuna aliyekwenda kuwauliza?"

"Kuuliza si utafiti!" walijibu wote watatu, na hapo ndipo walipokubaliana kwa mara ya kwanza.

Siku ya nane fisi walivuka, meno nje.

"Jamani, kwa nini?" alilia Kwale.

"Tulikuwa tunatengeneza mahali pa kuogeshea watoto," alijibu mkubwa wao. "Lakini tumewasikiliza wiki nzima, na hoja ya Nungunungu imetuingia sana."

Nungunungu, aliyekuwa wa kwanza kutimua mbio, aligeuka akawapigia kelele wenzake, "Mmeona? Si niliwaambia!"