Manyoya ya Radi

Laurian alikuwa chini, mgongo wote umeramba vumbi, na njuga za miguuni zilikuwa bado zinalia, kana kwamba zenyewe hazijapata habari.

Huyo ndiye Radi wa Kinampanda. Mtu wa kuingia uwanjani na manyoya ya mbuni kichwani, kipande cha kioo kifuani, shuka jekundu mabegani na mwavuli uliobaki mbavu tupu. Kuingia kwake kulichukua muda mrefu kuliko mieleka yenyewe. Raheli, marehemu mkewe, alizoea kumwambia, "Baba Selina, bibi harusi ameshatoka. Tunakungoja wewe tu."

Tangu Raheli azikwe, Radi alikuwa haangushi mtu. Wanaume wa Shelui walimlaza, wa Nduguti wakamlaza, hata yule fundi viatu mwenye kikohozi alimlaza, kisha akaendelea kukohoa.

Jumbe Andrea aliinuka kwenye kiti chake cha kukunja. "Kesho tunafunga mieleka ya mavuno. Radi akianguka tena, manyoya yatavuliwa, avae mwingine. Na ngoma haitaliita jina lake."

Watu wakacheka. Laurian akajipangusa matako taratibu, kama mtu aliyekaa chini kwa hiari yake. Jina hilo ndilo lililokuwa limebaki nyumbani kwake. Vingine alikwisha kuvizika.

Kosa la nani, alilijua. Mieleka zamani ilikuwa kwenye mchanga wa mtoni. Jumbe ndiye aliyeileta mbele ya baraza, penye kokoto, ili aitazame akiwa kivulini. Bwana Shauri naye, mzungu mkuu wa wilaya huko Kiomboi, akaamuru kila mwanamume alime matuta ya mihogo, na mgongo wa mtu ni mmoja. Hata kifo cha Raheli ni wao. Siku aliyozidiwa, wanaume wote walikuwa wamepelekwa kuezeka nyumba ya kupumzikia wazungu. Akafia njiani, kwenye machela iliyobebwa na vikongwe, na Radi, mbeba wanaume, alikuwa juu ya paa la Serikali anafunga nyasi.

Kabla ya siku hiyo Raheli alikuwa amemwambia, "Nikiondoka, mwite Selina. Bila Selina utaanguka." Laurian alidhani anasema habari za moyo. Hakumwita. Mwanamume gani anamlilia binti aliyekwisha olewa?

Desturi ilikuwa kwamba aliyeangusha humchukua aliyeangushwa akamnyweshe pombe kwake, kinyongo kiishe. Enzi zake Laurian aliwabeba begani, ngoma mbele, mpaka barazani kwa Raheli. Leo alitembea kwa miguu yake, nyuma ya Yeremia wa Shelui, aliyemwangusha, mpaka kwa shemeji wa Yeremia alikofikia. Wakapewa kibuyu. Ilikuwa kama maji yaliyooshewa mtama.

"Yeremia, wewe nilikubwaga kila mavuno."

"Kweli, kaka. Mpaka mke wangu alizoea kunikanda."

"Sasa nguvu umezitoa wapi?"

Yeremia akachungulia kibuyuni. "Mungu anajua."

"Mungu hayumo. Ni Jumbe na kokoto zake."

"Kokoto ni mbaya," Yeremia akakubali upesi.

Laurian akapata nafasi. "Na wananifuata mpaka ndani. Selina amekuja wiki iliyopita, mumewe ameenda kukata mkonge. Mtoto wangu kaniambia shikamoo, kalia kidogo, kakoroga vyungu vya mama yake ili nyumba ipate harufu ya watu. Haya, jana tarishi wa Jumbe huyo mlangoni, eti kibali cha pombe kiko wapi. Akachungulia chungu, akasimama pale kama amepotea njia, akaondoka hata neno hakuandika. Huo si uchokozi?"

"Selina yupo?"

"Yupo."

"Amefanana na mama yake?"

"Mkono kwa mkono. Lakini ana mume, Yeremia. Kama unamtafutia mwanao, umechelewa."

"Hapana, kaka. Nauliza tu." Yeremia akainuka, akasema anakwenda kuangalia mbuzi. Laurian akabaki peke yake na kile kibuyu, akimwambia Jumbe maneno ambayo mbele yake asingeyathubutu.

Kesho yake alivaa polepole kuliko siku zote. Kama ni kuvuliwa, avuliwe yote yakiwepo. Selina alikuwa uani, mikono imelowa mpaka viwikoni. "Nenda baba," akasema. "Utanikuta."

Fundi viatu alikuja wa kwanza. Laurian alimshika kiuno, akamwona anakwenda chini kama gunia lililokatika kamba. Akatazama mikono yake. Akaja mtu wa Nduguti, mnene, aliyemvunja jino mwaka jana. Naye akaenda chini. Yeremia, ingawa jana alishinda, alidai zamu ya pili, akaguna sana, akazunguka, akadondoka vizuri kabisa. Nyuma yake wanaume walikuwa wanasukumana kugombea nafasi. Ngoma ikaita Radi, Radi, na machozi yakamtoka Laurian chini ya manyoya. Nguvu zimerudi. Raheli ameziomba huko aliko.

Akamgeukia Jumbe, akamnyooshea mwavuli. "Na wewe je? Au wewe kazi yako ni kukaa kivulini tu?"

Jumbe Andrea akainuka, akavua koti la kazi, akalikunja, akaja katikati. Laurian akatanua mikono, na hata kabla hajamgusa, Jumbe alikuwa amekwisha lala chali juu ya kokoto zake mwenyewe.

"Radi," akanong'ona, "Selina ameshachuja pombe?"